Anga la Kiptere Limekamilika

Mpendwa Baba,

Nina habari njema: anga letu limeingia kwenye gemu.

Unakumbuka siku ulipokuja kuangalia kazi yangu kwenye kompyuta. Nilikuwa nimechukua gemu ya malori iliyotengenezwa ng'ambo, nikaiwekea barabara ya Kapsoit na majani chai pande zote mbili. Nilitarajia utasifu majani. Wewe ukatazama juu.

"Chelangat, hii milima ya theluji ni ya nani?"

"Ilikuja na gemu, Baba."

"Na jua linachomoza magharibi, upande wa Kisumu! Watu wa huko watatushtaki tumewaibia."

Nikakueleza kwamba anga la gemu ni sanduku tu, ndiyo maana huitwa skybox. Picha sita hubandikwa ndani, na mchezaji akiwa katikati anaona mbingu. Ukasema, "Basi tubandike yetu."

Ukachimbia kigingi juu kabisa ya shamba letu la Kiptere, tukafunga simu hapo. Kosa letu lilikuwa kupiga picha saa nane mchana. Nilipoziunganisha, kila kona wingu lilikuwa limekatwa kama mkate.

"Mawingu ya saa nane yana haraka ya mvua," ukasema. "Tuje asubuhi, wachumaji wakianza. Hapo yanakuwa bado yamelala."

Ulisema kweli. Asubuhi kona zilishikana, ila kofia yako ilikuwa imeingia kwenye picha ya mashariki, ikaonekana kubwa kuliko mlima.

"Niache hapo nisimamie madereva," ukatania.

Tukakubaliana kurudia wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata ulikuwa hospitalini, na hukurudi nyumbani.

Kwa miezi mingi sikuzifungua picha zile. Siku moja nilijaribu kuifuta kofia, mkono ukakataa. Kubadilisha picha moja tu hakuwezekani, kwa sababu mawingu ya siku mbili hayaungani. Ilibaki kuanza upya zote sita, bila wewe.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilipanda hadi pale juu. Kigingi chako kilikuwa bado kimesimama wima. Wachumaji wakaniuliza kama nimekuja kupima shamba.

"Napima mbingu," nikawaambia.

"Ukimaliza utugawie ekari moja!" mmoja akajibu, wote wakacheka.

Nilipiga zote sita kabla sijahesabu hadi sitini. Nyumbani nikazibandika kwenye gemu, nikaliweka lori katikati ya barabara, nikaligeuza polepole nikitafuta mshono. Hakuna, Baba. Hakuna hata mmoja! Zile picha zenye kofia nimezihifadhi. Hizo ni zangu. Hizi mpya nimewapa watu wote mtandaoni, na dereva mmoja wa Kipkelion ameandika: "Huyu ni mtu wa kwetu. Huo ukungu naujua."

Lakini furaha kubwa ililetwa na Mama. Tangu tukuzike hajapanda juu ya shamba. Anasema miguu inauma. Jana alipita nyuma yangu akipangusa mikono, akasimama.

"Hapa si pale juu kwetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Geuka nione ng'ambo."

Nikaligeuza lori, milima ikapita, ukungu ukapita, mpaka tukarudi tulipoanzia. Mama akaketi kando yangu.

"Zunguka tena," akasema. "Polepole. Usinikimbize."

Tulizunguka mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshika usukani yeye.

Pumzika, Baba. Tumeweza.

Binti yako