Wiki ya Kisima C4

Jumatatu, 23 Oktoba
Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu ya kuheshimu zana za kazi. Bengaluru nzima imepumzisha zana zake. Katika maabara ya dawa ya Dkt. Vasundhara pia hakuna kazi. Puttaswamy, fundi wake tangu miaka ishirini iliyopita, kasugua mashine zote tangu asubuhi. Daktari mwenyewe akazitia nukta za kumkum, unga mwekundu wa ibada, na maua ya manjano. Friji limepambwa kuliko bibi harusi, anasema Puttaswamy.
Mradi unafungwa tarehe 31. Kemikali 9,600 zimepimwa, hakuna dawa. Zimebaki sahani nne za kupimia. Mhariri wangu anataka habari ya maabara inayofungwa. Nimemwambia asubiri.

Alhamisi, 26 Oktoba
Hapa hawapimi kipande cha bakteria. Wanamwekea kemikali bakteria mzima, hai, katika kisima kidogo, kimoja kati ya vitundu 96 vya sahani ya plastiki. Kemikali ivuke ukuta wa bakteria yenyewe au ishindwe. Asubuhi maji yakiwa na ukungu, kaishi. Yakiwa safi, kafa. Huyu wao alitoka wodi ya watoto wachanga. Dawa tano hazimwezi.
Leo mashine imesoma zile sahani nne. Kisima kimoja safi — C4! Daktari hakutabasamu. Alisoma tarakimu mara tatu, akaagiza kemikali ya C4 itolewe kwenye friji, ipimwe upya. Sahani zenyewe zilishapikwa kwa mvuke kuua vijidudu, kama kawaida. Bakteria huyu ni hatari, hawekwi.

Ijumaa, 27 Oktoba
Visima vinane vya kemikali ya C4. Vyote ukungu, hata kwa macho. Daktari kaniambia niandike kuwa hamna kitu. Nikaandika.
Saa tano Puttaswamy hakugusa idli zake, vikate vya mchele. Alikuja na trei ya mashine, akaiweka mezani. Sahani huingizwa kwa kufuata nukta nyekundu ya rangi ya kucha kwenye pembe ya trei. Jumatatu aliisugua ikatoka. Jana akaona nukta nyekundu, akaifuata. Ilikuwa kumkum — pembe ya mkabala.
"Mama, zote nne nimeziingiza kinyume."
"Kumkum nilitia mimi."
"Na mimi nilisugua. Basi tugawane."
Visima vya kulinganishia, ambavyo matokeo yake yanajulikana, vimepangwa sawa kutoka pande zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Safu ni A hadi H, nguzo ni 1 hadi 12: kinyume cha C4 ni F9. Nimehesabu mwenyewe, mara mbili. Daktari kacheka mpaka kavua miwani. Kemikali ya F9 imewekwa kupimwa saa tisa.

Jumamosi, 28 Oktoba
Safi. Visima vinane kati ya vinane. Kwa macho kwanza, kisha kwa mashine. Daktari kala dosa mbili akiwa amesimama. Kawaandikia wafadhili kuomba miezi mitatu, hawajajibu. Puttaswamy anaimba, vibaya.
Lakini kinachoua bakteria chaweza kuua na mtu. Kipimo cha kwanza ni damu: kemikali ikipasua chembe zake, basi zikizungushwa zikatua chini, maji ya juu yatakuwa mekundu. Damu katoa Puttaswamy — anasema ndiyo faini yake.
Mashine ya kuzungusha imesimama sasa hivi. Daktari ametia mikono mfukoni.
"Fungua wewe, bwana. Mikono yangu imeshafanya mengi wiki hii."
Puttaswamy kafungua. Anachungulia. Ameshusha pumzi ndefu, ya nafuu, na anampisha daktari aone maji yasiyo na wekundu —