Sola Iliyolala Ndani ya Mkeka

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimerudi kutoka Mpanda jioni hii. Vumbi mpaka kwenye meno. Lakini ninayo — sola laini! Nyepesi, nimeipakata kwenye basi kama mtoto. Ile ya kioo ilitaka baiskeli nzima na mwanaume wa kuishika, kwa hiyo siku za gulio nilikuwa nabaki nyumbani, wateja wanapita mbele ya mlango na simu zao zimezima.

Bei sasa. Naandika hapa tu, mume wangu Libérat nimemwambia nusu. Kwa wati zile zile ningepata mbili za kioo na waya juu yake. Maharage yote ya kuuza yamekwenda. Hayakutosha, na sola yangu ya kioo nikamuuzia Pacifique wa njia panda. Ndiyo, Pacifique, anayechaji simu kama mimi! Tamaa.

Muuzaji, kijana mmoja anaitwa Heri, hakunidanganya. Alisema: mama, hii ni ya mtu wa kuhamahama, kama unakaa sehemu moja chukua kioo, kioo kitakuzika. Nikamwambia mimi nahama na magulio. Basi akanipa masharti. Usiibandike kwenye bati, joto litaiua. Ukiiviringisha, mduara wa ndoo, siyo wa chupa. Isikanyagwe, isikaliwe, maana inapasuka kwa ndani na juu huoni kitu. Nikacheka. Nani akalie sola?

Alhamisi, 10 Oktoba

Gulio! Nimetandaza sola juu ya baiskeli, waya kwenye betri, na kabla ya saa nne simu zimejaa mpaka nimekosa pa kuchomeka. Ernestine alikuwa pembeni yangu anauza mihogo. Tumekua wote hapa Mishamo, ndiye mama wa ubatizo wa binti yangu Emelyne. Alinisaidia kufunga majina kwenye simu kwa raba. Anasema nikizidi hivi nitaanza kukata watu umeme. Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa.

Nimefurahi leo. Acha niandike hivyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Sasa hofu ya mwizi. Ile ya kioo ilifungwa na nati juu ya paa, miaka yote hakuna aliyeigusa. Hiki kitu chepesi kwangu ni chepesi kwa mwizi pia. Libérat anasema ndiyo hivyo, umenunua kitu chenye miguu. Ananiudhi akisema kweli.

Nimepata dawa. Naiviringisha ndani ya mkeka wa zamani, mduara wa ndoo kama alivyosema Heri, nausimamisha nyuma ya mlango na mikeka mingine. Mwizi gani aibe mkeka uliochakaa? Sijamwambia mtu, hata Emelyne. Watoto wana midomo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mama yake Ernestine amefariki alfajiri. Ghafla tu. Jana nimeongea naye! Naandika haraka, narudi msibani.

Jumatano, 23 Oktoba

Sijui niandikeje.

Jana akina mama waliuliza mikeka. Ni desturi, msiba ukitokea kila nyumba inatoa. Mimi ndiye niliyesema! Nimemshika Ernestine, analia kifuani kwangu, nikasema bila kufikiri: nendeni kwangu, mikeka iko nyuma ya mlango, chukueni yote. Yote. Wakaenda, Emelyne akawapa.

Leo asubuhi naingia msibani natoka kuchota maji, ndoo kichwani, nikaona waya. Mwekundu na mweusi, umetokeza chini ya masenge Josephina. Ni shangazi yake Ernestine, mkubwa kuliko wote pale, miguu imevimba. Ardhi ina unyevu wa mvua ya juzi, kwa hiyo walimtandikia vizuri: mkeka, na juu yake kile "kipande cha turubai" walichokikuta ndani. Kwa heshima! Alikuwa amekalia tangu jana, na waliokuja kumpa mkono walikanyaga hapo hapo.

Nikapiga kelele. Ndoo sijui iliangukia wapi. "Sola yangu! Mmekalia sola yangu! Toka! Toka hapo!" Nimemwambia mzee wa watu toka. Tena nikavuta wakati bado amekaa, akaanguka ubavu.

Nyimbo zikakatika. Marehemu bado yuko ndani, mlango uko wazi. Ernestine akatoka, akaniangalia mimi, akaangalia nilichoshika, akaenda kumwinua shangazi yake.

Na mimi? Ningeitupa pale pale nipige magoti. Nimeondoka nayo! Nimekwenda nyuma ya nyumba yangu kuipima! Mama wa rafiki yangu amelala kwenye mkeka wake wa mwisho, mimi nimechuchumaa nashika waya kuona kama taa inawaka.

Inawaka, kwa kuzimia zimia. Juu ni laini vile vile. Ukiiinamisha kwenye jua ndiyo unaona mistari myembamba, kama nyufa za kisigino.

Aibu. Aibu. Aibu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumezika. Nilisimama nyuma kabisa na waliochelewa. Libérat alichimba kaburi tangu alfajiri, hakupumzika wenzake walipopumzika. Nadhani alichimba na sehemu yangu.

Walimsubiri Audace, kaka yake Ernestine, mtoto wa kiume pekee. Yuko machimbo ya dhahabu. Namba aliyonayo Ernestine haipatikani, maana Audace kila akihama shimo anabadilisha laini, na kwa laini mpya anampigia mama yake tu. Wamesubiri mpaka saa tisa. Padre ana misa kwingine. Wakashusha jeneza bila yeye.

Mtu mmoja pale nyuma aliuliza simu ya bibi iko wapi, si namba itakuwemo? Hakuna aliyejibu. Nami nilisikia kwa sikio moja. Nilikuwa nafikiria kama nyufa zinazibika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Simu ya bibi iko kwangu!!

Kitochi cha bluu, kimelala kwenye rafu yangu na zile simu nyingine, jina lake limefungwa na raba kwa mwandiko wangu. Aliileta mwenyewe Jumatatu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikamwambia mama acha tu, kesho itakuwa imejaa. Kesho yenyewe akafa. Toka siku ile sijachaji kitu cha mtu, rafu sikuitazama.

Nikachomeka. Jua kali la saa sita, na chaji inapanda kama mlevi anayerudi kwake. Saa kumi ikawaka. Meseji za simu zilizokosekana zikaingia moja juu ya nyingine, zote za Audace. Jumanne. Jumatano. Jana wakati tunazika! Kisha ikaita mkononi mwangu. Jina lake limeandikwa pale. Nikatazama tu. Ningemwambia nini, na mimi ni nani wa kumwambia? Ikaita mpaka ikachoka.

Nikakimbia nayo kwa Ernestine. Aliipokea kwa mikono miwili. Akabonyeza. Imezima! Nikaapa kwamba ilikuwa inawaka, kwamba imeita sasa hivi.

"Imeita, ukapokea?"

Akavaa kandambili, akaenda nayo mwenyewe kwa Pacifique. Najua imechajiwa na sola ipi. Ile yangu ya kioo, iliyofungwa na nati, inayotoa umeme kama ng'ombe wa yule mfugaji Maduhu anavyotoa maziwa.

Wangekuja kuniuliza tangu Jumatano, Audace angewahi. Lakini nani angekuja? Niliwaambia watoke.

Jumapili, 27 Oktoba

Wateja wameisha. Siyo kwa sababu ya nyufa, nyufa hawazijui. Leo kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Nimesikia akina mama wananiita mama sola.

Libérat amesema huendi kuomba radhi mikono mitupu. Akatafuta dumu la pombe ya ndizi, akalibeba, mimi nyuma yake. Masenge Josephina tulimkuta anaota jua. Nikapiga magoti, nikalia kabla ya kusema. Yeye akanishika kichwa.

"Mwanangu, kwa hiyo mie nilikalia jua? Ndo maana miguu haikuniuma siku ile!"

Akacheka peke yake, meno mawili. Akaonja pombe, akasema mmechelewa kuileta, imeanza kuwa kali, lakini atainywa. Hasira hana. Ningependa awe nayo kidogo, ingenisaidia.

Ernestine yuko ndani, nasikia anafagia. Hakutoka. Anafagia pale pale, hasogei.

Nilipoaga, masenge akanivuta sikio. Akasema pole pole nisibebe mzigo wa mwenzangu. Kwamba Ernestine alikumbuka tangu Jumatano usiku kwamba simu ya mama yake iko kwangu. Watu walitaka kuja kuichukua. Akawazuia. Alisema afadhali asubiri kuliko mtu wake kupiga hodi kwa yule mwanamke.

Yule mwanamke ni mimi.

Nimerudi nyumbani sijui nimuonee hasira au nimuonee huruma. Nimechagua huruma, halafu hasira, halafu nimepika.

Jumanne, 29 Oktoba

Audace amefika. Alipita barabarani na begi dogo, nimemwona kupitia ufa wa mlango. Alikwenda moja kwa moja makaburini. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima.

Hajauliza ni nani alikuwa na simu. Nasubiri aulize. Kila mbwa akibweka nafikiri ndiye.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo wamenawa maji, wameondoa matanga. Wazee wetu wanaita kwa Kirundi guca ku mazi. Libérat alikwenda. Mimi sikuitwa, sikukatazwa pia, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ningeosha vyombo. Ningechota maji. Nimekaa hapa napanga simu ambazo hazipo.

Nimempigia Heri kule Mpanda. Anasema haitengenezeki, mama, kilichopasuka ndani kimepasuka, tumia hivyo hivyo mpaka ife. Akauliza ilikuwaje. Nikamwambia ilikaliwa. Akasema pole kwa msiba. Sikumwambia kama kuna msiba! Nadhani alijua mikeka hukaliwa wakati gani.

Jumamosi, 2 Novemba

Ernestine yuko hapa.

Naandika mlangoni, daftari juu ya goti. Yeye yuko uani kwenye kigoda. Alikuja saa tatu. Kwake mpaka kwangu lazima upite njia panda, kwa hiyo amepita mbele ya Pacifique na sola zake zote, hakusimama. Akanyoosha simu yake, siyo ya marehemu, yake. Akasema: "Chaji."

Nikasema sola haina nguvu, itachukua siku nzima. Pacifique ni saa moja tu.

"Najua," akasema. Akakaa.

Nimeitandaza kwenye jua vizuri, nimegeuza mara mbili. Mikono yangu haina akili. Nilianza: Ernestine, siku ile... Akasema, bila kuniangalia, kwamba Audace alimuuliza simu ya mama yao ilikuwa wapi. Akamjibu hajui. Nimemdanganya kaka yangu kwa ajili ya nani, anauliza, kwa ajili yako au kwa ajili yangu? Sikujua kama ni swali la kujibiwa.

Nilitaka kusema neno moja, nisamehe. Nimelisema. Limetoka dogo, sijui kama limemfika, kuku walikuwa wanapigana. Yeye anachora chini kwa kijiti.

Saa sita. Asilimia tisa.

Wingu linakuja upande wa mlimani, kubwa, la mvua. Wiki nzima nimelaani kila wingu lililopita juu ya nyumba hii. Leo naliangalia na kuliomba lije likae. Simu ikijaa atanyanyuka.

Limefunika. Chaji imesimama. Ernestine ameangalia juu, ameangalia sola, amevua kandambili moja, sasa ya pili.

Emelyne ananong'ona kutoka jikoni kama mama yake wa ubatizo atakula hapa. Sijui. Nimemwambia aongeze unga.