Nade, Kamata Simu

Yaya Solange, dada yangu mkubwa,

Nilikufufua. Sijamwambia mtu, hata mama, hata padri siku ya kitubio. Mbele ya watu watatu waliovaa vizuri, katika jumba moja hapa Dilala, nilisema kwamba uko hai, uko nyumbani, una homa kidogo tu.

Ngoja nikueleze. Usinicheke kwanza.

Tangu tukuzike, biashara yetu ya Fika-Safi imebaki mikononi mwangu. Wale watu wa Lubumbashi, wa ile programu ya kusaidia vijana wenye miradi tuliyoisikia redioni, walijibu kwamba wazo ni zuri ila wao husaidia timu, si mtu mmoja. Wengine wakajibu vilevile, kwa Kifaransa kirefu zaidi. Waliniita mwanzilishi pekee. Nililitazama neno hilo muda mrefu, Yaya, kwa sababu si kweli. Ulianzisha wewe, Jumapili ile uliposhuka kwenye pikipiki mbele ya kanisa, kitenge kipya kimeliwa na mnyororo, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Nikakunong'oneza kwamba Mungu anaangalia roho. Ukanijibu kwa sauti, wote wasikie: "Mungu anaangalia roho, Nade. Bale bamama ba korali banaangalia kitenge!"

Siku ileile tukakata turubai la zamani, tukashona sketi ya kufunga juu ya kitenge, yenye mkanda chini ya goti ili upepo usiivute kwenye gurudumu. Mimi nilishona, wewe uliuza. Ugonjwa wako wa damu ulipokulaza, uliuza ukiwa kitandani, simu sikioni, unacheka na wateja kana kwamba umesimama sokoni. Mimi hakuna aliyenijua. Nilipenda hivyo.

Sasa tata mudogo, ndugu yake baba, anataka niende Mutshatsha kumsaidia dukani. Anasema shule nimemaliza, na mashine ya kushona haijui kuita wateja. Mama hakumkatalia. Alisema tu, "Tungoje kwanza bale batu ba programu baseme." Kwa hiyo programu ya tatu ilipotaka jina la mwenzangu, niliandika lako. Na namba yako.

Waliniita. Nilisimama mbele yao nikasema "sisi" kila mahali: tunakata, tunashona, tunauza. Mzee mmoja akauliza, ninyi ni nani? Hapo ndipo nilipokufufua. Mwanamke aliyekaa katikati yao hakukasirika. Alisema, basi tumsalimie mgonjwa, akabonyeza namba.

Yaya, simu yako ilikuwa ndani ya mfuko wangu.

Unakumbuka mlio ulioutia? Ulijirekodi ili kunichokoza, kwa kuwa nilikuwa nakimbia simu kama kitu kinachouma. Jumba zima likakusikia: "Nade! Kamata simu! Sauti yako uliitia mu frigo? Nade, kamata, batu banangoja!" Ukamaliza, ukaanza tena.

Yule mama aliutazama mfuko, halafu akanitazama mimi. Kifaransa chake kikaisha. "Mutoto," akasema, "huyu anaongea ni nani?"

"Ni yaya yangu. Alikufa."

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Niliwaambia yote: turubai, wale wamama wa kwaya, kwa nini mkanda uwe chini ya goti na si juu yake. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Mzee yule alivua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Hawakunichukua. Waliandika kwamba kazi yangu ina thamani, lakini niko peke yangu, tena sikusema kweli. Wana haki.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Tangu ufe, simu yako inalia karibu kila siku, na sijawahi kuipokea. Umeme ukirudi, naichaji hiyo kwanza. Ikilia, naiweka kifuani, naiacha ilie mpaka mwisho, ili nikusikie. Nilikuwa nasema Fika-Safi inakufa kwa sababu hakuna anayetaka kumsaidia mtu mmoja. Kumbe wateja walikuwa wanaita, nami nimekaa nakusikiliza wewe.

Juzi ililia mama akiwa anasonga bukari. Nikakukata katikati.

"Allo, Solange?" mwanamke mmoja akauliza.

"Hapana, mama. Solange alikufa. Mi ni mudogo wake."

"Pole, mwanangu. Pole sana. Na ile nguo ya pikipiki, nani anashonaka sasa?"

"Ni mi. Tangu mwanzo ni mi nashonaka."

"Kumbe! Na unajua kusema? Solange alituambiaka we ni bubu!"

Nilicheka, Yaya. Halafu nililia, naye akaningoja nimalize. Anataka za binti zake, wale wanaopanda pikipiki kupeleka chakula kwa wafanyakazi wa kule Kingamyambo. Mama alisimama na mwiko mkononi, bukari ikiungua, akisikiliza. Kisha akamwambia tata mudogo angoje kwanza. Hakusema mpaka lini.

Basi nakuahidi: nitapokea. Mlio sitaubadilisha, lakini unisamehe, sitakuacha tena umalize. Ukifika kwenye "kamata," nitakuwa nimekamata.

Pumzika, Yaya wangu. Sasa nitaongea mimi.

Jambo moja tu. Mama anakuota, na asubuhi anatusimulia yote uliyomwambia. Ukimjia, mpe habari za huko, mwimbie hata. Lakini ya Dilala yabaki yetu. Yeye anajua tu kwamba walinikataa. Hajui kwamba na wewe ulikuwepo.

Mudogo wako,
Nade