Mguu wa Mama na Jibu Nililompa Sista

Voi, Jumanne, Februari 1996

Joto tangu alfajiri, na upepo umejaza vumbi jekundu kwenye mitandio niliyoianika jana. Nimeiona, nimeiacha hapo hapo.

Leo nilikwenda kuchukua majibu ya damu. Sista wa kliniki, mama mmoja mpole wa Mwanda, alinieleza polepole. Sukari yangu imepita kiasi, ila haijafika kuitwa ugonjwa. Wengine hukaa hapo miaka mingi. Wengine hupunguza mwili, wakatembea, ikashuka. Wengine huvuka, na mtu akivuka asijitunze, hufuata macho, figo, moyo, miguu.

Nilisikiliza yote. Sikuhisi kitu.

Kisha akaanza kuuliza na kuandika. Kazi? Mshonaji, kutwa nimekaa kwenye cherehani. Uzito? Mizani ilijisemea yenyewe. Watoto walizaliwa na kilo ngapi? Hapo nilijivuna kidogo, maana kitinda mimba wangu alizaliwa mkubwa hata wazazi wenzangu wodini walikuja kumtazama. Sista hakucheka. Aliandika tu, akasema mtoto mkubwa hivyo huweza kuwa dalili ya sukari kwa mama.

"Na kwenu, mama, kuna mtu amekuwa na sukari?"

Nikasema hapana. Sikuona kama nadanganya. Nilijibu vile tulivyofunzwa kujibu nyumbani.

Mama yangu alikatwa mguu. Kwetu ilisemwa amekanyaga, yaani kuna mtu alimtegea uchawi mlangoni. Shangazi akamtaja jirani, na mpaka leo hatuamkiani na watu wa nyumba ile. Waliletwa waganga wawili, kidonda kikafukizwa, kikafungwa majani. Tulipofika hospitali mguu ulikuwa umeshaoza. Daktari alitamka sukari. Mjomba akatuonya tusilirudie neno hilo, wasichana wa nyumba hii bado hawajaolewa, nani atakuja kuposa kwenye maradhi ya kurithi?

Neno hilo nimelikumbuka leo nikiwa nusu ya njia, mbele ya duka la vitambaa. Nikakumbuka na mengine. Kiu yake, mtungi mzima kwa siku. Kopo lake la haja ndogo lililokuwa likizungukwa na sisimizi, na mimi ndiye niliyekuwa nikilimwaga.

Nilijua. Miaka yote hii nilijua.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa binti yangu Mwanaisha, ambaye ana mimba ya miezi saba na tumbo ambalo kila mtu analisifu kwa ukubwa. Nikamweleza habari za bibi yake, zote, huku nikitazama ukuta. Nilidhani sauti itanikatika. Ilitoka kavu tu, neno baada ya neno.

Akasema: "Mama, hata mimi waliniuliza kliniki. Nikawaambia kwetu hakuna."

Nani alimfunza kusema hivyo? Mimi. Ningetaka kuandika hapa kwamba niliona aibu, lakini ningekuwa naongeza uongo mwingine. Niliona kiti, niliona pazia, nilimwona yeye ameshika tumbo.

Ndipo akaniuliza bibi alianza kuona kiu ile akiwa na umri gani.

Ulimi ulikuwa tayari kusema sikumbuki. Ni rahisi mno, na mazoea yana taabu. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Nikamwambia: umri wangu wa sasa.

Kesho asubuhi tunakwenda kliniki pamoja. Yeye atapimwa, nami nitamwomba sista aifute ile hapana aliyoiandika. Nimemwambia asile kitu kabla ya kutoka, na chai pia ni kitu, maana sisi chai hatuihesabu.

Wakati wa kuagana alinishika mkono, akauminya kwa nguvu. Nikautazama mkono wake juu ya wangu, nikawa bado nangoja kuhisi kitu.