Mkate Mbichi wa Bibi Hallbera

Mpendwa Shangazi Steinvor,

Naomba msaada kwenye safu yako ya ushauri, ingawa kwa kawaida mimi ndiye huombwa. Naitwa Hjalti, na bila kujisifu, kaskazini yote hii kutoka baharini mpaka kwenye barafu isiyoyeyuka hajazaliwa mtu anayejua kukodisha nyumba ya mapumziko kama mimi, hata mlima wetu ukitaka kutema moto huniuliza kwanza kama nina wageni. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe, ila juzi mwalimu wangu wa hesabu kaja kunibembeleza nimpatie nafasi ya wikendi, sasa nani kasoma hapo?

Tatizo si mimi, Shangazi, tatizo ni wageni, na wageni hao wamenichoshea bibi yangu. Bibi Hallbera, mama yake baba, ndiye mwenye shamba na ndiye mwenye ile nyumba ndogo ya mbao iliyojitenga kule nyuma ya uwanda wa mawe meusi, marehemu babu aliijenga kwa magogo yaliyotupwa ufukweni na bahari, jirani wa karibu ni kondoo, na mwaka huu Bibi alinipa funguo akasema, "Haya, Hjalti, mdomo tunajua unao, tuone kama na mikono unayo." Sasa amenitangazia kwamba anauza kila kitu, anahamia nyumba ya wazee kule mjini, na Jumatatu anakwenda kutia sahihi. Bibi huyu! Mtu ambaye akienda mjini kununua chumvi tu anarudi analalamika kwamba hewa ya kule haina harufu!

Na kwa nini asichoke, hebu wasikilize wenyewe. Mmoja ananipigia simu niko mezani, mdomo umejaa samaki, "Samahani, hii mianga ya kijani ya angani mnaiwasha saa ngapi?" Nikamwambia, "Bosi, fundi wa mianga yuko likizo, na haya mawingu hayana swichi," basi akanikata nyota mbili mtandaoni. Mwingine nilimwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, nikamwonyesha na kwa mikono, mlango wa gari hapa unashikwa kwa mikono miwili, upepo wa kwetu si wa kuanikia nguo, akanicheka, akaufungua kwa kidole kama anafungua pipi, mlango ukang'oka ukaenda zake kutembelea kondoo, naye anaukodolea macho halafu ananigeukia, "Sasa utafanya nini?" Mimi? Mimi ndiye upepo?

Halafu kuna yule aliyetaka kutumbukia kwenye bwawa la maji moto na jasho lake lote la safari bila kuoga. Bwawa ni dogo, la mbao, liko nje ya nyumba, na Bibi alikuwa amepita kuchukua ndoo yake, akasimama pale ukingoni mikono kiunoni, "Wewe! Toka! Kaoge kwanza! Uvue hicho kikaptura, na sabuni upake kila mahali, nimesema kila mahali!" Jamaa akaja kuniuliza pembeni kama huyu mama ni sehemu ya huduma au analipiwa mbali.

Lakini kiboko yao ni mama mmoja aliyeandika kwamba bwawa langu ni supu iliyosahaulika mezani. Vuguvugu! Mimi! Basi, Shangazi, mtu mwingine angelia, Hjalti alishika beleshi. Nyuma ya nyumba kuna mteremko unaofuka mvuke mwaka mzima, nikachimba mfereji, nikatega bomba, nikayavuta maji ya moto ya chini ya ardhi mpaka bwawani, bila mhandisi, bila kibali, bila baraka za mtu, na tangu siku ile wageni wanatoka majini wekundu kama kamba waliochemshwa na nyota zinaninyeshea tu.

Sasa sikia kilichomvunja Bibi. Kila vuli kondoo wakishashushwa kutoka milimani bonde zima hukutana zizini, kila mtu atenganishe wake kwa alama za masikioni, na kazi ikiisha watu hula mkate mweusi wa Bibi na siagi na nyama ya moshi, na mkate huo haujawahi kuona jiko, Bibi hukanda unga wake, huutia kwenye sufuria yenye kifuniko, huifukia kwenye shimo lake la udongo wa moto na kuifukua kesho yake. Shimo hilo alionyeshwa na mama mkwe wake alipoolewa na hamwazimi mtu. Mwaka huu akafungua sufuria mbele ya watu wote, visu viko tayari, na ndani kulikuwa na unga mbichi, unanata kwenye kijiko kama tope. Mzee Ketill, jirani yetu ambaye kimya humuumiza tumbo, akasema, "Hallbera, mwaka huu umetuletea mkate au gundi ya viatu?" Wakacheka, na mimi nikacheka, Shangazi, maana ndiyo kazi yangu kucheka.

Bibi hakucheka. Kwenye gari aliiweka sufuria mapajani akaniuliza, "Hjalti, uliniona nikikanda. Nilisahau kutia nini?"

"Hukusahau kitu, Bibi."

"Nimesahau. Unga huu haujawahi kunikatalia." Halafu akatazama nje. "Mama yangu naye alianza hivi hivi. Kwanza chumvi kwenye uji. Mwisho akaniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Akarudia kwa siri, akidhani simwoni, akafukia sufuria nyingine bila kumwambia mtu, ikatoka mbichi vilevile. Tangu hapo hakandi. Anarudi mara mbili mlangoni kuangalia kama amefunga, ananiita kwa jina polepole kama mtu anayejipima, na sasa ndiyo hiyo nyumba ya wazee, anasema bora aende wakati bado anajua njia.

Kwa hiyo nilitaka unishauri niwafanye nini wageni, maana ni wao, yule mama wa supu angefunga mdomo wake haya yote yasingetokea, na nimeshaiandika barua hii mpaka hapa nikidhani nitaimalizia hapo. Lakini baada ya ile sufuria ya pili nilikwenda mteremkoni peke yangu. Mfereji wangu unapita juu kidogo tu ya shimo la Bibi. Nilitia mkono ndani ya shimo mpaka kwenye kiwiko, na udongo ulikuwa baridi. Unga wake haukuwa na kosa lolote.

Wako,
Hjalti


Hjalti,

Kwenye mlango wa gari nilicheka, nakiri. Kisha nikafika kwa bibi yako na sufuria mapajani, na kicheko kikaniishia, na nikuambie kweli, nikatamani kukufikia nikuvute sikio mpaka liwe na alama kama la kondoo wako.

Umeniandikia kurasa za wageni ili nichoke kabla sijafika kwenye sentensi zako za mwisho. Nimefika. Yule mama alisema maji ni vuguvugu. Hakukupa beleshi. Kuchimba bila kuuliza ni ujinga, na ujinga wa kijana tumeuzoea. Lakini ulipoutoa mkono kwenye ule udongo wa baridi, ujinga uliishia pale. Kilichofuata kina jina jingine. Umekaa nyumba moja na mwanamke anayeikagua akili yake kama mtu anayetafuta pesa zilizodondoka, nawe unajua hakuna kilichodondoka, ukanyamaza kwa ajili ya nyota za watu wasiojua kushika mlango!

Pole yangu unayo, maana najua unaogopa. Unaogopa atakuona una mdomo tu na mikono huna. Basi sikiliza.

Ukimaliza kusoma hapa, inuka umwambie. Usimtumie mtu, usimpigie simu, na usianze na wageni. Neno "mgeni" likikutoka kabla ya neno "mimi", nyamaza uanze upya. Halafu mpeleke mteremkoni, umwache autie mkono wake mwenyewe kwenye shimo. Mtu aliyefukia mikate tangu alipokuwa bibi harusi ataelewa kabla hujamaliza kusema. Atakutukana. Simama hapo hapo utukanwe, na usimchekeshe. Mwache amalize.

Hiyo Jumatatu usimfichie viatu wala usimlilie. Akishajua ukweli, kuhama au kubaki ni shauri lake, ni mtu mzima na sasa unajua akili anayo kukushinda. Kosa ni kumwacha ahame kwa sababu ya uongo wako.

Lilicheka bonde zima, kwa hiyo bonde zima lisikie. Nenda kwa huyo Ketill na wenzake wakiwa wamekusanyika, useme kwa sauti ileile unayojisifia, "Mkate uliharibiwa na mimi." Ketill atakutania mpaka uzeeke. Utavumilia, si unapenda kuzungumzwa?

Mfereji uzibe, lakini safari hii usijifanye mhandisi. Tafuta mtu wa wilayani anayeijua ardhi ya moto akuongoze, maana ngozi ya miguu haioti upya kama majani, na ni bahati tu iliyokutoa huko ukiwa mzima. Siwezi kukuahidi kwamba moto utarudi kwenye shimo lile. Maji ya chini yakishaonyeshwa njia nyingine, mengine huipenda. Moto ukirudi, mshukuru Mungu. Usiporudi, utamfuata Bibi mteremko mzima huku umebeba sufuria, yeye atapapasa udongo na wewe utachimba pale atakaponyoosha kidole, mpaka apate mahali panapomridhisha.

Na bwawa lako litapoa. Nyota zitapungua, utaishi. Mgeni akikuuliza mbona maji ni vuguvugu, mwambie hapa moto una mwenyewe, naye yuko ndani anakanda.

Shangazi Steinvor