Kadi ya NIMERUDI!

Glenda, shika simu! Nimeharibu!

Unaikumbuka kadi yangu ya Halowini, ile sikukuu ya kutishana kwa mizimu? Ukivuta kikaratasi, mifupa ya mtu inachomoza kaburini, na juu nimegonga muhuri NIMERUDI! Nimemtumia Darlene. Darlene aliyemzika mumewe juzi!

Ile ya rambirambi ninayo hapa, kando ya mashine yangu mpya ya kukatia kadi. Bahasha zilifanana. NIMERUDI, shoga! Kaburini!

Nikawa nazunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga. Simu ikaita. Ni yeye.

“Darlene, nisamehe…”

“Hebu nyamaza! Nakivuta hicho kikaratasi tangu asubuhi. Kila nikivuta, Walt wangu anarudi.”

Anacheka au analia, sijui.

Anataka nyingine, Glenda. Hiyo imeshachanika.