Mkwe Wangu Anataka Kunipokonya Kazi ya Pedi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, Adams Arcade yote hapa Nairobi inanijua kwa ushonaji, wakubwa wameoa wakivaa suti zangu na hakuna hata mmoja amewahi kurudisha koti. Sasa mke wa kijana wangu, Lornah, ako na kikundi cha akina mama hapa Kabiria, wanashona pedi za kitambaa, zile za kufua na kutumia tena, wanauza ushago kwetu Bungoma kwa bei ya chini ndio wasichana wasikose shule siku zile, na mimi kwa roho safi nikamtuma mama watoto amwambie cherehani zangu ziko na mikono yangu iko, kwa sababu kwetu mtu haongei na mkwe mambo kama hayo, hata kiti chake sikalii. Wakaniletea mfano mmoja, umelegea kama mgonjwa, nikaona aibu, nikaweka ndani kile kitambaa kigumu cha kola ya koti, nikapiga pasi, zote zikasimama wima. Hiyo ndiyo kazi ya Sifuna! Zilipofika huko Bungoma, akina mama wakaanza kuzitumia kushikia sufuria moto. Sasa Lornah ameniletea neno kupitia mama watoto, "Mwambie baba asante sana, lakini zinazofuata tutapeleka kwa Mungai." Mungai! Huyo si hushona mapazia? Shule zinakaribia kufunguliwa na wasichana wanangoja. Nimfanye aje huyu mkwe aheshimu ufundi?

Fundi Sifuna, Kabiria

Mzee Sifuna, heshima yako. Pole kwa habari ya Mungai, najua inauma. Lakini hebu niambie, bwana harusi akija kwako, unamshonea bila kumpima, bila kumwuliza kama kwapa zinambana? Hawa umewashonea bila kuuliza hata neno moja, halafu wewe ndiye unadai heshima. Mila imekukataza kuongea na mkwe. Haijakukataza kumsikiliza mke wako, ambaye siku zile anazijua kuliko wewe unavyozijua kola zako. Na akina mama wa Bungoma hawakukudharau, mzee, wamekutafutia tu kazi ambayo kitu chako kinaweza.

Toa hicho kitambaa kigumu leo. Shona moja, laini vile ulivyoletewa, umpe mama watoto ampelekee Lornah, ndani ya mfuko kama unaona haya. Kisha nyamaza, usifuate na maelezo. Akisema fumua, fumua. Na akisema bado ni Mungai, mpelekee Mungai cherehani yako moja, ile nzima, si ile inayokata uzi. Wasichana hawatauliza ni nani aliyeshona.